Unga wa Magoti

Kulthumu alifika ghalani wakati wakulima wamejipanga na viroba vyao vya ufuta, akasimama pembeni ya mizani bila kumsalimia mtu. Imrani, karani wa chama cha msingi, alimwona akajua kuna jambo, maana dada yake huyu hakuwa mtu wa kusimama kimya. Alimaliza kupima mzigo uliokuwa mezani, akampa mwenyewe stakabadhi yake, kisha akamvuta Kulthumu nyuma ya ghala.

"Mama hajambo?" aliuliza.

"Mama mzima. Yuko shambani anakata ufuta. Sikuja kwa hilo." Kulthumu alijifunga upya kitambaa cha kichwa. "Mkeo anaingia chumbani kwa mama, mama akiwa hayupo."

"Ni nyumbani kwake."

"Nyumba ni yake. Chumba ni cha mama. Leo nimepita kumsalimia mama nikamkuta Hajra ameinama kwenye lile kopo la dawa ya magoti, ana kijiko mkono huu na kikaratasi mkono huu. Aliponiona akafunga kopo, akasema anatafuta mwiko. Imrani mdogo wangu, mwiko unawekwa chumbani kwa mtu?"

Imrani alijitahidi kucheka. "Labda alikuwa anaikagua. Si ndiyo kazi yake?"

"Ndiyo maana naogopa," Kulthumu alisema. "Mimi nikitaka kumdhuru mtu sitajua nianzie wapi. Yeye anajua."

Akaondoka akipita katikati ya wakulima, akaacha neno lile limemkaa Imrani kifuani kama mfupa wa samaki.

Mji wa Nachingwea ulimjua Hajra kama mwalimu wa dawa. Hakuwa mfamasia wa kukaa dirishani akihesabu vidonge. Asubuhi alizunguka wodini pamoja na madaktari, kitanda kwa kitanda, akiuliza mgonjwa huyu ameandikiwa nini, figo zake zikoje, dawa hii na ile zinapatana au zinagombana. Siku mbili kila wiki alipanda gari kwenda Ruangwa, kwenye chuo kidogo cha afya, kufundisha vijana kazi hiyohiyo. Siku nyingine vijana walikuja kwake, wakamfuata wodini na makoti yao meupe kama vifaranga. Imrani aliwahi kusimama kwenye geti la hospitali ili tu amwone mkewe akipita na msafara ule. Alikuwa akimwonea fahari. Lakini kwa ndugu zake Hajra alibaki mtu wa kuja. Babu zake walivuka Ruvuma kutoka Msumbiji, na nyumbani kwao walizungumza Kimakua. Bi Sikuzani, mama yake Imrani, hakuwahi kumtukana kwa hilo. Alikuwa tu akikumbuka kulitaja.

Na Bi Sikuzani siku hizi alikuwa mtu mwingine. Mwaka jana alikuwa akishuka kitandani kwa kushika ukuta. Kisha Seleman, mwanawe mkubwa, anayeuza dawa za miti shamba sokoni Ruangwa, akamletea unga wa kahawia wa kuchanganya na uji. Haikupita muda mama akatupa fimbo. Alirudi shambani. Uso wake ukajaa, mashavu yakawa mviringo, majirani wakasema mama Seleman amenawiri, watoto wanamtunza. Hajra peke yake aliutazama uso ule bila kufurahi, na Imrani sasa alikumbuka hivyo, akajiuliza ni mkwe gani asiyefurahi mama mkwe akinenepa.

Jioni ile, Hajra alipokuwa akioga, Imrani alifungua mkoba wake. Alikuta kalamu, kitambulisho, karanga za kukaanga, na chini kabisa kikaratasi kilichokunjwa vizuri. Ndani yake mlikuwa na unga wa kahawia. Alikirudisha kama kilivyokuwa. Mkewe alipotoka na khanga yake, akamuuliza mbona amesimama, Imrani akasema anatafuta chaja.

*

Tangu hapo hakula kwa raha. Alianza kutazama nani anapika uji wa mama, nani anaupakua, nani anaubeba. Hajra alikuwa na zamu ya kumpa mama kidonge cha presha kila asubuhi. Imrani akabuni sababu ya kuwapo. Asubuhi moja alichukua bakuli la uji jikoni, akachota kijiko akaonja kabla ya kulipeleka. Alipogeuka, Hajra alikuwa mlangoni.

Alikichukua kijiko kilekile mkononi mwa mumewe, akachota naye, akala mbele yake, akakiweka kwenye beseni la vyombo. Kisha akavaa viatu vyake akaenda kazini.

Jioni ndipo alipoongea. Alileta glasi ya maji mezani na kile kikaratasi.

"Ulikiona kwenye mkoba wangu," alisema. "Kilikuwa kimekunjwa upande mwingine. Kwa nini hukuniuliza?"

"Na wewe kwa nini hukuniambia?"

"Kwa sababu kimetoka kwa kaka yako, nami nilitaka kwanza nijue ninachosema." Aliumimina ule unga ndani ya glasi, akakoroga. Vipande vya mizizi vikapanda juu. Chini kabisa pakatulia tope jeupe. "Mizizi haiachi kitu kama hiki. Humu mmesagwa vidonge, Imrani. Nadhani ni vile vya kuzuia uvimbe na maumivu, vikali, ambavyo sisi hospitalini tunavitoa kwa hadhari."

"Unadhani."

"Kipimo cha maabara sina. Nina uso wa mama ulivyovimba. Nina sukari yake iliyopanda wakati hakuwahi kuwa na sukari. Nina ngozi yake inayochubuka akigusa mlango tu. Hayo huwa nawafundisha wanafunzi wangu. Niliyaona nyumbani kwangu nikakataa kuyaamini miezi mizima."

"Unasema Seleman anamlisha mama yake sumu."

"Sijasema hivyo. Inawezekana naye anauziwa hivyo hivyo na watu wa jumla, hajui kilichomo."

Imrani alisimama. "Basi nalitupa kopo sasa hivi."

"Usilitupe." Hajra alimshika mkono. "Nisikilize vizuri hapa. Mwili una dawa yake kama hiyo unayojitengenezea wenyewe. Ukiupa ya nje kila siku, unaacha kutengeneza. Ukikata ghafla, mtu anabaki hana ya nje wala ya ndani. Anaweza kuanguka, hata kufa. Mama aendelee na huo unga mpaka nimfikishe kwa daktari, tumbadilishie kidonge kinachojulikana, tukipunguze kidogo kidogo."

Imrani alimtazama mkewe muda mrefu. Maneno yote aliyaelewa, moja moja. Yakiwekwa pamoja yalimshinda.

"Kwa hiyo ni mbaya," alisema, "lakini aendelee kuula."

"Ndiyo."

"Na wewe ndiye utakayesema lini auache."

Hajra aliuachia mkono wake.

*

Wangeweza kulimaliza polepole, kama Hajra angejua kuongea na wazee. Lakini kesho yake alimkalisha Bi Sikuzani uani, Kulthumu na Imrani wakiwepo, akamweleza kama anavyoeleza darasani: dalili, sababu, madhara, hatua. Alitaja moyo, alitaja mifupa, alitaja macho kuingia ukungu. Hakupandisha sauti, ila hakusimama hata mara moja kumwuliza mama anaonaje.

Bi Sikuzani alisikiliza akiwa amenyoosha miguu mkekani. Alipomaliza kusikiliza alimgeukia Kulthumu, akasema naye Kimwera, kwa kirefu.

"Amesema nini?" Hajra alimuuliza mumewe.

"Amesema amekusikia," Imrani alijibu.

Mama alikuwa amesema kwamba alipokuwa amelala kitandani akijisaidia kwenye ndoo, wote walimwonea huruma. Sasa amesimama, kuna mtu hapendi kumwona amesimama. Imrani alipoyazuia maneno hayo alidhani anamsitiri mkewe. Hajra aliwatazama wote watatu, usoni kwa mmoja mmoja, akajua kwamba hakutafsiriwa yote.

Siku Hajra alipokwenda Ruangwa kufundisha, Kulthumu alikuja na bajaji, akamchukua mama kwenda naye nyumbani kwake Ruponda. Kabla ya kuondoka alilichukua kopo la unga na pakiti ya vidonge vya presha, akavitupa vyote chooni. Hakujua tena kipi ni dawa na kipi si dawa. Kati ya kaka mwenye unga na wifi mwenye vidonge, aliona salama ni kukata vyote. Alimpigia Imrani simu akamwambia, naye Imrani, kusema kweli, alipumua.

Hajra aliporudi alikuta chumba cha mama kitupu.

"Mama yuko wapi?"

"Ameenda Ruponda kupumzika."

"Na unga?"

"Kulthumu ameutupa. Vidonge vyako, unga wa Seleman, vyote. Mama atakaa bila dawa za mtu yeyote."

Hajra alishusha mkoba chini. Alimpigia Kulthumu, simu ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena. Kisha akachukua mtandio wake. "Twende Ruponda."

"Ukienda utaharibu zaidi."

"Imrani, nilikuambia. Mama anaweza kuanguka."

"Ndivyo unavyotaka?"

Neno lilimtoka kabla hajaliangalia. Hajra alibaki na mtandio mkononi. Alienda Ruponda peke yake, kwa pikipiki, akarudi jua likizama. Kulthumu hakumfungulia mlango. Aliongea naye dirishani, majirani wakisikiliza, akamwambia mama amelala na hataki kumwona mtu wa kumtilia vitu.

Maneno yale ya dirishani hayakubaki Ruponda. Yalifika ghalani pamoja na viroba. Mkulima mmoja alimuuliza Imrani, kwa upole wa kinafiki, kama siku hizi anajipikia mwenyewe. Watu wakacheka, naye akainamia mizani. Yalifika Ruangwa pia. Mkuu wa chuo alimwita Hajra ofisini, akamwambia hakuna anayemtuhumu, lakini wazazi wa wanafunzi wanauliza, basi apumzike kufundisha mpaka jambo litulie. Hajra alimweleza mumewe hayo huku akipanga nguo, bila kumtazama, kama anayemsomea gazeti.

*

Bi Sikuzani alianguka asubuhi akielekea kuoga. Alikuwa ametapika tangu jana yake, hali chakula, anasema dunia inazunguka. Kulthumu alifikiri ni malaria. Walipomfikisha hospitali Nachingwea alikuwa baridi mikononi, na mishipa yake ilimsumbua muuguzi kuipata. Imrani alitoka ghalani mbio. Alimkuta mama kitandani na dripu, Kulthumu akilia miguuni pake, na shangazi wawili kutoka Matambarale ambao hakujua wameambiwa na nani wala wamefikaje upesi hivyo.

Hajra alikuwa wodini tayari, na wanafunzi wa mazoezi, ambao chuo kilikuwa bado hakijawaondoa kwake, nyuma yake. Alikuwa akizungumza na daktari wa zamu, Fidelis, kijana ambaye hakuwa na muda mrefu tangu aanze kazi pale.

"Alikuwa akitumia unga wenye vidonge vya steroidi, karibu mwaka," Hajra alikuwa akisema. "Umekatwa ghafla. Maji peke yake hayatamwinua, daktari. Anahitaji haidrokotisoni ya sindano kufidia ile iliyokatwa, sasa."

"Mwongo," Kulthumu alisema kutoka miguuni pa mama. "Hakuna unga. Ni yeye aliyekuwa akimpa vidonge kila asubuhi. Tangu tumwondoe mikononi mwake ndiyo anajifanya daktari. Mtoeni huyu hapa."

Shangazi mmoja naye akasema mtoeni. Wagonjwa wa vitanda vya jirani walikaa ili waone. Daktari Fidelis alifuta uso. Akamwambia Hajra kwa sauti ya chini, ila wanafunzi walisikia, "Dada, naomba utoke kidogo. Si kwa ubaya. Wewe ni ndugu wa mgonjwa na unalalamikiwa."

Hajra alivua kitambulisho chake shingoni akakiweka mfukoni, kama mtu ambaye mikono yake inataka kazi. Akapita katikati ya wanafunzi wake. Waliachana kumpisha, na mmoja wao, binti aitwaye Amna, akaangalia pembeni.

Seleman aliingia wakati huohuo, vumbi la barabara ya Ruangwa likiwa bado kwenye kanzu. Alimtazama mama. Kisha akamshika Imrani begani, akamvuta dirishani.

"Wamekuuliza habari za unga?"

"Bado."

"Usiutaje. Mimi naununua Dar umeshasagwa, Wallahi sijui wanachotia. Lakini atakayekamatwa ni mimi. Nina watoto, Imrani. Mkeo hata akisimamishwa ana vyeti vyake, ataajiriwa kwingine. Mimi nina meza ile ya sokoni tu."

"Na mama?"

"Mama wamemtundikia maji. Ataamka."

Imrani alimtazama mama. Yale mashavu ya mviringo yalikuwa bado pale, ila yamepauka kama unga wa muhogo. Nje ya dirisha alimwona Hajra amesimama kwenye ukuta wa maabara, amekunja mikono, anatazama ndani. Hakumpungia wala kumwita. Imrani alijiuliza, hata wakati ule, kama mwanamke yule angeweza kuwa ametia kitu kwenye kopo na kuja kukionyesha kwenye glasi. Alijiuliza na hakupata jibu. Aliona haya kwamba hakupata jibu.

Daktari Fidelis alirudi akiwa ameshika sindano tupu.

"Nisikilizeni," alisema. "Presha ya mama haipandi. Dawa aliyoitaja mfamasia ninayo. Lakini nikimchoma kwa neno la mtu mnayemtuhumu, halafu mambo yaharibike, hapa patakuwa na kesi. Nataka neno la ndugu mmoja." Akawapitisha macho, yakasimama kwa Imrani. "Wewe ni mwanawe, unaishi naye. Huo unga ulikuwepo au haukuwepo?"

Imrani alitazama sakafu. Sakafu ilikuwa imepigwa deki, bado ina maji. Alihisi mkono wa Seleman mgongoni, mwepesi, kama wa mtu anayempapasa mtoto alale.

"Mimi sijui nani alitia nini," alisema mwisho. "Nitasema nilichokiona. Mama alikuwa akila unga wa kahawia kwenye uji kila asubuhi, tangu mwaka jana. Kaka yangu huyu ndiye aliyemletea. Dada yangu huyu ameutupa chooni wiki iliyopita. Mke wangu alisema usitupwe. Mimi nilimkataza asiende kumfuata mama."

Kulthumu aliacha kulia. Mkono wa Seleman uliondoka mgongoni pake.

"Asante," daktari alisema, akageuka kumwita muuguzi.

*

Mama alifumbua macho vizuri mchana, akaomba maji, na siku iliyofuata akakaa akiegemea mto. Seleman hakungoja hayo. Aliondoka bila kuaga, na Imrani akasikia baadaye kwamba meza yake sokoni iko tupu na mwenyewe ameonekana Lindi. Namba yake haikupatikana tena. Shangazi wa Matambarale walisema Imrani amemwuza nduguye kwa ajili ya mwanamke. Ghalani watu waligawanyika. Wengine walimpongeza kwa kuoa msomi. Wengine walisema mwenye kujua kumwamsha mtu ndiye anayejua kumlaza, wakaendelea kumtazama Hajra akipita.

Chuo kilimpigia simu Hajra arudi darasani. Akarudi. Nyumbani alizungumza na mumewe yale ya lazima, chumvi imekwisha, umeme unakaribia kukatika. Imrani alipoomba radhi, alimsikiliza mpaka mwisho.

"Nilikuwa dirishani," Hajra alisema. "Daktari alipokuuliza, uliangalia chini kwanza. Muda ule wote ulikuwa unapima."

"Mwisho nilisema."

"Ulisema, na mama yuko hai. Ila nilikuona unapima."



Daktari alimwandikia mama vidonge vya kupunguza taratibu, na Kulthumu, aliyekuwa sasa akija kila siku na kuosha hata vyombo visivyo vyake, hakuthubutu kuvigusa. Bi Sikuzani naye hakutaka kupokea kitu mkononi mwa mkwewe. Hakusema hivyo. Hajra akimpelekea, alikuwa amelala, au anaswali, au hasikii. Kwa hiyo Hajra alikata kidonge jikoni, akampa Imrani, Imrani akampelekea mama.

"Umekitoa wapi?" mama aliuliza kila mara.

"Hospitali."

Na mama akameza.

Asubuhi moja Imrani alichoka. Mama alipouliza umekitoa wapi, alijibu, "Kwa Hajra. Vyote nimekuwa nikivitoa kwa Hajra."

Bi Sikuzani alikitazama kile kipande cheupe kiganjani mwake. Uso wake ulikuwa umeanza kupungua, mifupa ya mashavu ikirudi mahali pake.

"Mwite," alisema.

Hajra alikuja akifuta mikono, akasimama mlangoni. Hakuvuka kizingiti.

"Hivi vikiisha," mama alimuuliza, kwa Kiswahili chake kizito cha polepole, "magoti yatarudi kuuma?"

Imrani alimtazama mkewe, akitamani aseme jambo laini.

"Yatauma, mama," Hajra alisema. "Ziko dawa za kupoza na mazoezi ya miguu, na nitakufanyisha kama utanikubalia. Lakini hayatakuwa kama yalivyokuwa na ule unga. Hutakata ufuta tena."

Bi Sikuzani alikigeuza kidonge kiganjani.

"Seleman aliniambia yatapona," alisema. "Mwanangu wa kumzaa."

Mama akakitia kidonge mdomoni, akanyoosha mkono kuelekea mlangoni.

"Lete maji," alimwambia. "Lete wewe."